Waliosifiwa kwa Kutolia

Walisema sitaweza. Mwalimu wangu wa darasa la nne alisema kichwa changu ni kitupu kama boga lililokaushwa. Mjomba alisema mtoto wa dada yake atarudi kutoka pwani na kaswende, si na karatasi. Lakini neno lililoshika, ambalo watoto wa Newala walilifanya wimbo wa kuamia ndege mashambani, lilitoka kwa fundi wa chale. Alisema: "Aliyekimbia kisu hawezi kuwashikia wenzake kisu."

Nilikikimbia kweli. Siku hizo kwetu Umakondeni mtu asiye na nembo usoni hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Fundi alikaa kigodani na chipopo chake, kile kisu kifupi cha kuchanjia, na kando yake kikombe cha masizi ya mbarika ya kupaka kwenye mikato. Akaanza shavu la kushoto. Mistari mitatu ilipita. Wa nne ulipogusa mfupa chini ya jicho nilipiga ukelele, nikamsukuma mzee wa watu, nikatokomea mihogoni. Sikurudi mpaka walipoacha kuniita. Mpaka leo shavu langu moja lina mistari mitatu na jingine ni tupu, na watu wa Dar es Salaam walidhani ni kovu la ajali.

Dada yangu, anayenizidi miaka minne, alichanjwa wiki hiyo hiyo. Alichanjwa mashavu yote mawili, na mkono wa kulia kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Usoni alifumba macho na kuuma meno, hakutoa sauti. Kisu kilipofika mkononi ndipo alipowashangaza watu: alifumbua macho akauliza kama waliokwenda kuteka maji wamesharudi. Kisu kinakata, yeye anauliza habari za maji. Wanawake walipiga vigelegele. Baba alichinja jogoo, na habari ile ikateremka mpaka Masasi na kupanda tena. Nadhani hata mume wake aliioa habari ile kwanza, ndipo akamwoa mwenyewe.

Basi katika nyumba moja kulikuwa na shujaa na mtoro, na mtoro ndiye mimi. Nayaandika haya bila haya kwa kuwa najua yalivyoishia, na waliokuwa wakicheka walikuwa hawajui hata walichokuwa wakikitazama.

Nilianzia chini. Nilifua bendeji hospitalini, nikashika taa wakati wa upasuaji, nikawa dresa, mfunga vidonda. Mafunzo ya uganga msaidizi yalipotangazwa, mimi peke yangu kutoka wilaya yetu niliitwa kufanya mtihani, na niliwashinda wavulana waliozaliwa na vitabu nyumbani. Nauli na nguo nilikopa. Watu watatu walinikopesha: mjomba, kwa kunung'unika, Mhindi mwenye duka pale Newala, aliyeniambia kwamba akinikosa mimi atamkamata mjomba, na dada, aliyefungua kamba aliyotungia senti za tundu alizopata kwa kubangua korosho na kunikabidhi bila neno, mbele ya mumewe aliyekuwa akitazama pembeni. Niliapa mbele yao kwamba nitawalipa wote siku moja, kwa jua moja, ili kila mmoja aone mwenzake analipwa.

Nikarudi na diploma. Niliteremka kwenye lori sokoni Masasi nimevaa viatu vya ngozi na soksi ndefu, na karatasi yangu ndani ya mkebe wa bati isije ikapata vumbi. Nilipewa nyumba kwenye hospitali ya Mkomaindo, baiskeli, na kazi ambayo wenzangu wote waliikwepa: kliniki ya ukoma.

Ni lazima niseme jinsi watu wetu walivyoutafutia ukoma dawa, maana waliozaliwa juzi hawataamini. Kwanza hawakuutaja. Baka likitokea mgongoni ni choa. Lisipopona kwa majani ya choa, ni mbalanga. Likifa ganzi, ni mkosi wa upande wa kike, na mbuzi atatafutwa. Mkono ukiungua bila mwenyewe kujua, ni mafuta ya maganda ya korosho, maana kila mtu anajua mafuta yale hula ngozi. Mwanamke anaweza kupoteza kidole kizima na majirani wakamlaumu mkorosho. Vidole vikikunjika, hapo ndipo mganga huitwa, naye huchukua miaka miwili na kuku wote. Mimi huletewa mabaki.

Na hata hayo mabaki hayakuja kwa njia iliyonyooka. Serikali na misheni ziliweka kliniki uwandani juu na kliniki huku chini, ili kila mtu apate dawa karibu na kwake. Watu wetu walifanyaje? Wa Newala waliteremka Masasi ili majirani wasiwaone. Wa Masasi walipanda Newala kwa sababu hiyo hiyo. Nimewaona kwa macho yangu, nikiisukuma baiskeli kwenye mteremko: wazee wawili wamekutana katikati ya njia, mmoja anapanda na mwingine anateremka, wote wamejifunika blanketi saa sita mchana.

"Unakwenda wapi, ndugu yangu?"

"Kwa wakwe. Na wewe?"

"Kwa wakwe."

Wakatakiana safari njema. Alhamisi iliyofuata mmoja wao alikuwa kwenye foleni yangu, na mwenzangu wa juu aliniandikia kwamba wa pili alikuwa kwenye foleni yake. Siku mbili za kutembea kwa miguu yenye vidonda, ili wakwe wa uongo wapate kutembelewa.

Walipofika waliniambia wana kikohozi. Nilikuwa nikiwaacha waeleze kikohozi chao mpaka kiishe, kisha nawaambia wavue shati. Nilikuwa na unyoya wa kuku. Mgonjwa hufumba macho, unamgusa kwa ncha ya unyoya, naye huonyesha kwa kidole alipoguswa. Kipande cha ngozi kilichokufa hakionyeshi kitu. Halafu unapapasa nyuma ya kiwiko, kwenye mshipa wa fahamu; wa mtu mzima ni kama uzi, wa mgonjwa ni kama kamba ya kitanda. Dawa ilikwisha kuwepo, vidonge vyeupe vya bei ndogo, si ile sindano ya mafuta iliyowatoa machozi baba zao. Kilitakiwa kitu kimoja tu, kuja mapema. Nao walikuja na vikohozi.

Nilijulikana kwa ukali. Niliitwa Bwana Diploma, na waliodhani ni tusi sikuwasahihisha.

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema kazini. Kwa mwaka mzima tangu nirudi nilikula chakula cha dada yangu mara nne. Nilikaa kwenye mkeka wake nikasimulia habari za Dar es Salaam, nikasifu kisamvu chake, nikatazama mkono wake wa kulia ukinipakulia, wala sikuuona. Mimi niliyewacheka wanaokuja na vikohozi. Mara ya tano alikuwa ametoka kuipua chungu kwa mikono mitupu, na nikasikia harufu kabla ya kuona kitu. Ngozi ya kidole chake kidogo ilikuwa imebaki kwenye chungu. Yeye alikuwa akimkemea mbuzi.

Niliuliza. Alitazama mkono, akacheka, akasema ni yale mafuta ya korosho, mkono wake umeshakuwa gome. Niliuvuta karibu na mlango. Chini ya nembo, katikati ya ile michoro ya masizi iliyosifiwa mpaka Masasi, ngozi ilikuwa imepauka, kavu, haina jasho wala vinyweleo. Kidole kidogo na jirani yake vilikuwa vimeanza kuinama, kidogo tu, kama vidole vya mtu aliyebeba yai. Nilipapasa nyuma ya kiwiko. Kamba ya kitanda.

Mwaka mmoja zaidi, pengine chini ya hapo, vidole vile vingejikunja na visingenyooka tena kwa dawa yoyote. Mkono ule ndio uliolima, ndio uliobangua korosho. Nilitoa unyoya mfukoni.

"Fumba macho, dada."

"Nifumbe macho nyumbani kwangu kwa nini? Umeleta nyoka?"

Alifumba, lakini si sawasawa. Niliona kope zikitikisika. Alionyesha mahali pa kwanza sawa, na pa pili sawa. Nilichukua upande wa nguo nikauweka usoni pake. Hapo alianza kusubiri. Nilimgusa mara sita, naye alikaa akisubiri niguse.

Nilimweleza kama nilivyofundishwa kueleza, kwa upole, kwa maneno mafupi, ugonjwa una dawa, hautokani na mkosi, wala hatahitaji kuhama nyumbani kwake. Haya yote aliyasikiliza, akaniuliza swali moja tu, lini ulianza. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na diploma na nilipenda majibu kamili, nilimjibu kwamba kwa kuangalia baka lilivyo, ulikuwapo hata kabla ya kuchanjwa chale.

Aliondoa nguo usoni.

"Kwa hiyo siku ile sikuhisi."

"Mkononi hukuhisi."

"Wewe ulilia, mimi sikulia. Umekwenda kusoma miaka yote hiyo, kwa fedha yangu, ili uje uniambie kwamba kati yetu mzima alikuwa wewe?"

Nilisema ndiyo. Ndilo jibu la kitabu.

"Basi dawa yako kaa nayo," alisema. "Na fedha yangu usiilete. Sipokei kitu kutoka mkononi mwako."

Shemeji alitoka nje kunisindikiza hatua tatu, akaniambia Bwana Diploma ameacha kuvunja nyumba za wengine sasa anavunja za kwao. Nilipanda baiskeli. Nilirudi mwezi uliofuata na vidonge. Aliwaita watoto waniamkie, akanipa kigoda, akaingia shambani mpaka nilipoondoka. Nilimtuma mke wa mchungaji. Nilimtuma mjomba, naye alitumia nafasi hiyo kuulizia fedha zake, kwa kuwa kiapo changu kilikuwa cha kuwalipa wote siku moja, na mmoja akikataa wote wanasubiri. Mwenye duka alianza kunitumia salamu kwa kila dereva wa lori. Vidole vya dada viliendelea kuinama.

Ndipo nilipokwenda kwa fundi wa chale. Sikwenda kuomba msaada, nilikwenda kumuumbua. Nilitaka mtu mmoja aliyekuwepo siku ile akiri mbele yangu kwamba walishangilia ugonjwa. Alikuwa amezeeka, amekaa akichonga mpini wa jembe. Nilimwamkia kwa jina la heshima la wazee wa kwetu, maana adabu sikuiacha pwani.

"Shikamoo, Nang'olo."

"Marahaba, mtoro wangu."

Nilimweleza mkono wa dada, kwa maneno makali, nikitazamia ashangae. Hakushangaa. Aliendelea kuchonga.

"Mkono ule niliujua," alisema. "Ngozi ya mtu mzima huruka chini ya kisu, hata mwenyewe akinyamaza. Ile haikuruka. Nikapitisha kisu mara ya pili, mahali pasipo na mstari, makusudi. Akaendelea kuuliza maji."

Mimi nilisoma miaka mitatu kujua vile unyoya unavyofanya kazi, na mzee huyu, asiyejua hata kuandika jina lake, alikuwa na kipimo hicho hicho chenye makali, na alikitumia kabla sijapanda lori. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme na nani? Baba yako alikuwa ameshamshika jogoo."

Alikuwa amewajua wengi hivyo. Wakisifiwa wao kwa kutolia, naye alisifiwa kwa kuchanja mashujaa. Nilimwambia nilivyomwona, na sikupunguza neno. Nilimwambia ni vidole vingapi nimeviona vimekatika kwa sababu ya majogoo wa namna ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mpini chini.

"Ukienda wewe anamsikia mtoro," alisema. "Nitakwenda mimi."

Nilimfuata nyuma. Dada alimtandikia mkeka, akampa maji, mimi hakunipa. Mzee hakuanza na ugonjwa. Alimwomba mkono, akautazama kama fundi anayekagua kazi yake ya zamani, akasema mistari imekaa vizuri. Kisha alimwambia alivyopitisha kisu mara mbili, na kwamba mkono ule ulikuwa umekufa siku ile, na kwamba alijua na alinyamaza, na kunyamaza kwake ni kosa lake mwenyewe, si la yeye msichana. Dada alitazama chini. Niliona shingo yake imekakamaa na nikajua atasimama aondoke.

"Lakini mashavu," mzee alisema, "mashavu yalikuwa hai. Mashavu nilianza nayo. Ngozi iliruka kila mstari, kulia na kushoto, nami nilikuwa nimekushika kidevu. Ulihisi yote na hukulia. Nimechanja watu tangu ujana wangu, na wa namna hiyo siwajui wengi. Mkono siwezi kuusemea. Uso nitausemea popote."

Dada alipandisha mkono wa kushoto akagusa shavu lake, akaushusha.

Mimi nilikuwapo siku ya chale. Nilimwona akifumba macho na kuuma meno, nikawa nalijua jambo hilo miaka yote ile. Nilikwenda kwake na unyoya, na kidonge, na jibu la kitabu, na jambo hilo sikulitoa. Halimo kwenye mafunzo. Lakini hata mjinga angeweza kulisema, na aliyelisema ni mzee yule ambaye mpaka leo namdharau kwa mengine yote.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kijijini Lupaso, huku chini, kwenye banda la nyasi tulilotumia kwa kliniki, nikimsikiliza bwana mmoja akinieleza kikohozi. Watu wa foleni waligeuka kutazama. Dada alikuwa akija barabarani katikati ya mchana, hana blanketi, amevaa nguo yake ya kanisani, shemeji nyuma amebeba unga na sufuria kama mtumishi. Kliniki ya Newala iko karibu na kwake. Hiyo aliikataa, na nilipomuuliza alisema alitaka kuandikwa na mtu atakayekuwa na aibu akimkosea. Hakukaa mwisho wa foleni. Alisimama mbele ya meza yangu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Nina ukoma mkono wa kulia. Niandike."

Yule bwana wa kikohozi alivua shati bila kuambiwa.

Nilimwandika. Dawa nyingine aliichukua kule kule juu Newala, karibu na kwake, kila wiki, na mimi nilimfundisha yanayobaki: kuloweka mkono, kuupaka mafuta, kunyoosha vidole juu ya paja asubuhi na jioni kama anayepiga nguo pasi, kushika chungu kwa vitambaa, na kuutazama mkono kwa macho, kwa kuwa wenyewe hautamwambia kitu. Aliyashika yote kwa ubishi ule ule alionikatalia nao. Na fundi wa chale nilimtumia. Nilimkalisha kwenye keria ya baiskeli yangu, mzee mzima na fimbo yake, tukazunguka vijijini akinionyesha nyumba za mashujaa wake, waliocheka chini ya kisu. Si wote walikuwa wagonjwa. Wengine walikuwa mashujaa kweli. Waliokuwa wagonjwa niliwapata kabla vidole havijaanguka, na wakubwa wa kazi waliponiuliza nimewagunduaje nilisema ni njia yangu mwenyewe. Nusu yake ni yangu. Baiskeli ilikuwa yangu.

Mwaka wa tatu daktari Mzungu alimpima dada, akapapasa kiwiko, akatazama vidole, akasema dawa iendelee kidogo kisha iachwe, na mkono utabaki hivyo ulivyo. Ganzi haikutoka, lakini vidole havikujikunja. Dada alinitumia neno kwa mume wake: nije na fedha yake, na isiwe noti. Alinikopesha sarafu, arudishiwe sarafu.

Nilipanda Newala Jumamosi nimevaa viatu vyangu. Mwenye duka nilimlipa wa kwanza, mbele ya wateja, na nilisubiri alipokuwa akifuta jina langu kwenye daftari. Alinipa pipi, kama mtoto, nikaiacha kauntani. Mjomba nilimlipa uani kwake, wazee wanne wakiwepo, niliowaalika mimi. Alisema alijua tangu mwanzo kwamba nitafika mbali. Nilimkumbusha alivyosema juu ya kaswende, wazee wakatazama miguu yao.

Kwa dada nilifika alasiri. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, na kando yake uzi mpya wa gome. Nilinyoosha mkono kumpa mfuko.

"Mwaga hapa," alisema.

Nilimwaga senti zote mkekani. Nikainama kuzikusanya pamoja, akaniambia nikae. Akaanza kuziokota kwa mkono wa kulia, moja moja, akiutazama mkono kama nilivyomfundisha, akipitisha uzi kwenye tundu la kila moja. Ilichukua muda mrefu. Watoto walikuja wakachoka wakaenda. Mara mbili senti ilimtoka, na mara mbili niliinuka, akanitazama nikakaa. Moja iliviringika mpaka ukingoni, ikalala bapa juu ya udongo, pasipo na pa kuishika. Aliisogelea kwa magoti. Kidole kidogo kilinyooka, ukucha ukaingia chini ya ukingo wa sarafu, ikainuka.

Aliifunga kamba, akaijaribu uzito.

"Zimetimia," alisema. "Shemeji yako amechinja jogoo. Nenda kanawe."